Kila Alasiri Mwanangu Huja Kunitazamisha Tamthilia za Kikorea

Wenye ukurasa, nifichieni jina, maana Malindi ni ndogo na majirani zangu wote wamo humu. Mimi ni mama wa miaka hamsini na tisa, mjane. Nina wavulana wanaofanya kazi mbali, na binti mmoja ambaye hakulelewa kunijua kama mama yake. Huniita mkaza mjomba, yaani mke wa mjomba, kwa vile aliyemlea ni dada wa marehemu mume wangu. Nitamwita Zuhura, silo jina lake.

Nilimzaa katikati ya miaka ya themanini, nikiwa msichana tu. Wifi yangu alikuwa ameolewa Kibarani, kule Kilifi, na miaka ilipita bila kupata mtoto. Kwetu si ajabu mtoto wa kwanza kupewa dada wa mume, na mimi hakuna aliyeniuliza. Nilipotoka arobaini walikuja na gari la kukodi wakamchukua pamoja na nguo zake zote, hata kile kimto alicholalia. Mavyaa, mama wa mume wangu, alinifunga kifua kwa kanga ili maziwa yakauke, akaikaza huku amenikandamizia goti mgongoni, akaniambia nikilia nitamletea mtoto mkosi. Kisha nikaapishwa kwa msahafu kwamba wifi akiwa hai sitasema neno. Sikusema. Kila Idi walimleta kwangu, nikampakulia pilau kama mgeni, nikamsikia akimwita mwenzangu mama. Niliumia kila mwaka, na uchungu ule sikuuzoea hata siku moja.

Wifi alifariki mwaka jana. Zuhura, ambaye ndoa yake ilikuwa imeshavunjika, akahamia Malindi, akapanga nyumba karibu na kwangu. Nilimshukuru Mungu. Nilijiambia kiapo kimekwisha, nisubiri msiba upoe kidogo, nimkalishe nimwambie. Akaanza kuja kila saa kumi, na flashi yake ya tamthilia za Kikorea zilizotiwa sauti za Kiswahili.

Mwanzoni nilizicheka. Kijana ana saratani, badala ya kumwambia mchumba wake anamtukana ili amchukie, halafu anakwenda kulia peke yake kwenye mvua. Msichana akigongwa na gari lazima apoteze kumbukumbu, na anachosahau ni lile jambo moja tu sote tunalotaka alikumbuke. Mabosi nao hawafanyi kazi yoyote ila kutazama dirishani. Lakini zilininasa, nisiseme uongo. Nilikuwa nakaanga viazi vya karai mapema ili saa kumi inikute nimeshakaa.

Kisha akaleta ile ya mama aliyemtoa mtoto wake mchanga, akaja uzeeni kuajiriwa upishi kwenye nyumba ya mwanawe. Anampikia supu, anamtazama akila, hasemi. Niliona hii ndiyo nafasi yangu ya kumpima Zuhura, nikasema huyu mama ni mjinga, angefungua kinywa siku ya kwanza tungekwenda zetu kulala. Zuhura hakuondoa macho kwenye televisheni.

"Afungue kinywa aseme nini? Paka wa sokoni hubeba wanawe kwa meno. Huyu ana mikono miwili na alishindwa."

Nilimtetea yule mama. Nilisema alikuwa mdogo, wakubwa ndio walioamua, zamani mke hakuwa na sauti. Zuhura akacheka. Akasema kosa la tamthilia hizi ni moja, watunzi wake wana huruma za kijinga, kila mara mtoto anamsamehe mama hospitalini na muziki unapigwa. Yeye angekuwa yule binti, angejua mapema na asingesema. Angemwacha mpishi apike mpaka mgongo upinde, na kila siku angemtafutia neno la kumchoma. Alikuwa akisema haya huku anachovya kiazi changu kwenye ukwaju.

Nikasema, kwa sauti ndogo, kwamba yule mama walimlazimisha.

"Haya, walimlazimisha," akasema. "Na alipokuwa mtu mzima, nani alimfunga miguu? Malindi na Kilifi ni mwendo gani, mkaza mjomba?"

Mle tamthiliani hakuna Malindi wala Kilifi. Watu wale wako Seoul. Zuhura akaongeza sauti ya televisheni, akaniomba chai. Labda waliomwambia ni wale wazee waliokuja matangani, sijui. Ninachojua ni kwamba anajua. Alipoondoka alinibusu mkono kwa adabu kama siku zote.

Nilidhani hatarudi. Alirudi kesho yake na tamthilia nyingine. "Hii mama anakufa hajasamehewa," akaniambia. "Mimi nimeshaimaliza. Nataka uione wewe." Akakaa akanitazama mimi badala ya televisheni, mpaka ilipofika ile sehemu ya mazishi. Nilipotoa chozi akaniuliza kwa upole, anirudishie nyuma niione tena?

Tangu siku hiyo mambo ni yale yale. Anachagua mwenyewe, na zote ni za akina mama. Wavulana wangu wakipiga simu nawaambia mwenzenu ananiangalia vizuri, na majirani wananisifu kwa mkaza mjomba kupendwa hivi. Nikimwambia ukweli, naogopa atasimama, atachukua flashi yake, na sitamwona tena. Nikinyamaza, nitaendelea kupigwa kila siku mbele ya televisheni yangu mwenyewe. Na aibu yangu kubwa ni hii: ikifika saa tisa nimeshaoga, nimeshavaa kanga safi, nachungulia mlangoni, kwa sababu hayo ndiyo masaa pekee maishani mwangu mwanangu amekaa karibu nami. Nyinyi mngekuwa mimi mngefanyaje? Nishaurini, lakini msiniambie nimfungie mlango, hilo sitaliweza.