Kutoka Johannesburg Kabla ya Sabato

Miaka ya tisini kijana wangu wa kwanza alikuwa anafanya kazi Johannesburg. Kwetu, karibu na Rangwe, mbali na Nairobi, hatukuwa na simu, kwa hivyo alipiga kwa mwenye duka pale sokoni nami nikaitwa.

"Mama, nakuja Ijumaa," akasema. "Ndege ni masaa manne tu mpaka Nairobi. Nichinjie jogoo."

"Na Nairobi mpaka hapa?"

"Hapo si ni nyumbani tu."

Sisi ni Wasabato, na kwangu jua la Ijumaa likizama, moto wa jikoni unazimwa mpaka Jumamosi jioni. Jogoo tulimpika mapema, mimi na mke wa kijana, aliyekuwa akiishi nami, tukangoja. Jua likazama na kijana hajafika.

Alitokea asubuhi tukijiandaa kwenda kanisani, macho mekundu kwa kukesha ndani ya basi. Masaa ya barabara yalikuwa yamezidi yale ya ndege mara mbili. Mke wake akachukua kiberiti apashe chakula. Nikamwambia akirudishe mahali pake.

"Mama, mtu ametoka Afrika Kusini," akanisihi.

"Hata angetoka wapi. Ndege ni yake, Sabato si yake."

Kijana akacheka, akaketi, akala jogoo baridi na mchuzi ulioganda mpaka akabakisha mifupa. Sikumhurumia, ingawa nilikuwa nimemwekea mapaja yote mawili.

Mwaka uliofuata alipanda ndege Jumatatu.