Anguko la Tatu

Juzi mwanangu alikuwa akijifunza Kijerumani kwenye simu, nikamkumbuka dada yangu Salha alasiri ya mtihani wake wa Kijerumani. Alitaka kazi ya kutembeza watalii. Alizunguka chumbani ghorofani, mbao za sakafu zikilia, chai ya mdalasini ikipoa.

“Anguko la tatu ndilo linalonitia hofu,” alimwambia mama.

Nilikuwa mdogo, nikadhani ngazi zetu zimeshamwangusha mara mbili. Nikakimbilia chini, mikono wazi, tayari kumdaka.

“Da Salha, usishuke!”

Alicheka, akanieleza kuwa Wajerumani, kwa kuwafuata Warumi, huziita hali za nomino, yaani sura zake kulingana na kazi yake katika sentensi, maanguko, kana kwamba neno lilisimama wima, likaanguka; la tatu ni la anayepewa kitu. Leo namwelewa. Siku ile nilisikia kuanguka tu, nikamshika mkono, nisimwachie mpaka mlangoni pa chumba cha mtihani.