Tuta la Kunde la Mama Sidi

Harufu ya dawa ya mende hunipandisha hasira hadi leo. Jirani yangu akipuliza chumbani kwake, mimi hufunga dirisha kwa kishindo, naye hudhani nina kiburi. Acha adhani.

Nilikuwa darasa la saba, tukikaa mtaa wa Muyeye, shule yetu ilipoanza kutupeleka kila Jumamosi kuwasaidia wakulima wa kilimo hai, wasiotumia dawa za viwandani, nje ya Malindi. Mimi nilipangwa kwa Mama Sidi. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku akitazama viatu vyangu. Akasema watoto wa mjini aliokwisha kuletewa walipiga picha kuliko walivyopalilia. Nikamchukia palepale.

Kazi yangu ilikuwa kuwafuta vidukari, wale wadudu weusi wadogo wanaofyonza kunde, jani baada ya jani, kwa kitambaa kilicholowa maji ya majivu na pilipili. Pilipili iliniingia kwenye kucha, na nikijisahau, machoni. Mama Sidi alinifuata nyuma akiyageuza majani niliyoyamaliza, akinionyesha kwa kidole wadudu niliowaacha. Kidole kile kiliniudhi kuliko matusi. Jumamosi ya tatu alinirudisha mwanzo wa tuta.

Ya nne nilikuja na mkebe wa dawa ya mende wa mama yangu, nimeuficha ndani ya sweta. Mama Sidi alipokwenda kuchota maji, nikapuliza tuta zima. Vidukari walipukutika. Nilijiona mjanja kweli.

Aliporudi alinusa, akatua ndoo. Hakunipiga. Aliniuliza nimepuliza wapi, nikamwonyesha. Ndipo akanieleza kwamba wakulima wa kikundi chao hukaguana wenyewe kwa wenyewe, na zamu yake ya kukaguliwa ilikuwa wiki ile. Shamba moja likikutwa na dawa iliyofichwa, hoteli ya Watamu inayonunua mboga zao huwakataa wote.

Nilimwambia anyamaze tu, harufu itakuwa imekwisha.

"Halafu mimi nikienda kukagua kwao," alisema, "nitamwamini nani?"

Akaanza kung'oa. Aling'oa tuta lile na mawili yaliyopakana nalo, kunde zikiwa zimeshaanza kutoa maua. Kisha akajipeleka mwenyewe kwa kikundi, akazuiwa kuiuzia hoteli msimu mzima.

Mama yangu alinipeleka kuomba radhi, na kilo mbili za sukari mkononi. Sukari hakuipokea.

"Samahani yako nimeisikia," aliniambia. "Lakini shambani kwangu usirudi."

Kwa miaka nilimsimulia kama mwanamke mwenye roho ya jiwe. Nilikuwa mtu mzima nilipokutana sokoni na mkulima mwenzake, akanieleza jinsi kikao cha kikundi kilivyokuwa alipojipeleka. Walimuuliza ni nani aliyepuliza. Akajibu kwamba shamba ni lake na kosa ni lake. Angetaja mwanafunzi, kikundi kingetufukuza wanafunzi sote, na mwalimu angenikalia kooni. Kumbe ndiyo maana shuleni hakuna aliyeniuliza lolote.

Hapo awali nilidhani mtu akikuchukia hukuumiza, na akikulinda basi amekusamehe. Mama Sidi alinichukia kwa haki, akanilinda vilevile, na msamaha hakunipa. Haukuwa deni nililomdai. Nimeelewa, na shambani kwake sijarudi.