Kilio cha Kazi ya Zuhra

Mimi sipendi mtu anayejifungia ndani. Ukikasirika toka nje ugombe, watu wakusikie, yaishe. Sasa Zuhra, binti wa jirani yangu Mama Mujibu hapa Lisekese, alikosa kazi akaingia chumbani akageukia ukuta. Chakula hataki, simu kaizima. Na Alhamisi alikuwa ameitwa usaili mwingine wa kazi kama hiyo kule Newala, kwetu nilikozaliwa! Mama yake akaja kwangu, macho mekundu.

"Mama Walter, kasema haendi Newala ng'o. Kasema hawezi kwenda kuaibishwa mara ya pili."

Jamani, mtoto kasoma kilimo mpaka stashahada! Mikorosho ya bibi yake kule Lupaso ilipopatwa na ubwiri, maua yakawa meupe kama yamemwagiwa unga, nani alibeba bomba la dawa ya salfa mgongoni? Si Zuhra? Na kazi yenyewe ilikuwa hiyo hiyo, bibi shamba wa kampuni moja ya pembejeo hapo Masasi mjini. Nikauliza, sasa kakosaje?

Mama yake akanisimulia. Walimwambia ajieleze, akainamisha macho, mikono mapajani, akasema, "Mimi ni wa kawaida tu." Wakamuuliza anajua nini kuhusu magonjwa ya mikorosho. "Kidogo tu, wakubwa ndio mnaojua." Na ile ya Lupaso aliyoitaja kwenye barua yake ya maombi, aliiponya nani? "Tulisaidiana." Basi wakamwambia waziwazi kwamba hajiamini, hawawezi kumchukua.

Hajiamini! Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawa ya moto. Mtoto amechezwa unyago huyu, akafundishwa kwamba mbele ya wakubwa hujisifu wala humkodolei mtu macho. Aliwapa heshima, wao wakaona ujinga. Lakini hasira yangu isingemtoa chumbani. Kilichobaki ni utani. Wao Wayao, mimi Mmakonde wa Mkunya huko Newala, na mtani ana ruhusa ya kukufanyia mambo ambayo mama yako mzazi hathubutu.

Asubuhi yake nikajifunga kanga kiunoni, nikaweka mikono kichwani, nikaingia uani kwao nikipiga yowe.

"Uwiii! Jamani kafa! Kafa angali mbichi!"

Loo, watu walitoka! Rukaiya wa nyumba ya pili alikuja mbio na unga wa muhogo mikononi, machozi yanamtiririka kweli. "Nani? Nani kafa?"

"Kazi ya Zuhra! Imekufa juzi pale mjini, na hawa Wayao hata matanga hawajaweka!"

Rukaiya alinitazama, nikajua leo napigwa. Kisha akakaa chini akaanza kucheka huku bado analia. Mama Mujibu akashika kifua. "Mmakonde wewe, utaniua kwa presha!" Lakini mkeka akauleta. Wanawake wakajaa, nami nikasimama katikati kusoma wasifu wa marehemu, kwa sauti ya kupita dirishani.

"Marehemu kauawa na Zuhra. Mvivu yule! Mkorosho haujui, mbaazi haijui, salfa akiiona anadhani bizari! Ile mikorosho ya Lupaso ilipona yenyewe kwa kumwonea huruma!"

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Zuhra huyo, nywele timutimu, macho yananiwakia.

"Ilipona yenyewe? Mmakonde mwongo wewe! Nani aliamka alfajiri kabla upepo haujaanza, akapulizia mkorosho mmoja mmoja? Nani aliwakatalia wajomba kupulizia mchana, wakaninunia, halafu wakaja wenyewe kuniita? Kijiji kizima kikafuata ninavyofanya mimi! Mimi, Mama Walter! Nyie huko Mkunya mikorosho inaliwa na wadudu mnaitazama tu, mmekaa mnakunywa pombe yenu ya uraka!"

Ua mzima ulilipuka kwa vicheko. Mimi nusura nimkumbatie kwa furaha.

"Haya," nikasema. "Maneno hayo hayo, Alhamisi, Newala. Ya uraka uyaache."

Akajiziba mdomo. "Siwezi, mama. Wale ni wakubwa. Nitaonekana sina adabu."

"Utawapa shikamoo zao kwanza, na hapo heshima umeshatoa. Wakikuuliza unajua nini, hao wanakuomba uwaambie. Sasa mkubwa akikuomba kitu unacho, unamnyima?"

Alikaa pale mkekani katikati ya wanawake, akichezea pindo la kanga, kisha akamwomba mama yake uji.

Alhamisi tukapanda basi pamoja mpaka Newala. Mimi nikakaa kwenye benchi nje ya ofisi, chini ya dirisha lililokuwa wazi. Mlinzi akaniangalia vibaya, nami nikamwangalia vibaya. Nikamsikia Zuhra akiwaamkia wote ndani, mmoja mmoja. Wakamwambia ajieleze. Nikaanza kumwomba Mungu kwa Kimakonde.

"Naitwa Zuhra," akasema. "Mikorosho najua kuitibu. Niwaeleze nilivyofanya Lupaso?"

"Eleza," akajibu mwanaume mmoja.

Akaeleza! Sauti ilianza chini, ikapanda, ikanyooka. Mara wanamkatiza kwa maswali, mara wanacheka, naye anawajibu bila kumeza mate. Mimi huko nje miguu haitulii. Mwisho yule mwanaume akamuuliza kama naye ana swali lolote.

"Ninalo, baba. Nikianza kazi, mnataka nianzie kijiji gani?"

Weee! Sikuweza kujizuia. Nilipiga kigelegele hapo hapo chini ya dirisha. Mlinzi akaja mbio. "Mama, hapa ni ofisini!" Nikamwambia najua ni ofisini, nikapiga cha pili.