Mkandaji dawa wa Ahmedabad aliyebambwa na mama mkwe

Saa tatu asubuhi, Vrajesh Limbachiya amevaa koti jeupe, miwani ya plastiki na barakoa, naye anakanda. Mkono wa kulia unazungusha mchi ndani ya kinu cha kauri, wa kushoto unadondosha maji yaliyochanganywa na spiriti. Unga mweupe unageuka donge zito. Jasho linamtoka, na haruhusiwi kulifuta.

"Ukiacha kukanda mapema, dawa inabaki na kiburi chake," anasema bila kuinua macho.

Dawa yenyewe ni ya minyoo wanaojichimbia kwenye ini. Kuwaua inawaua, ila haielewani na maji. Mgonjwa anameza, kisha sehemu kubwa inapita tumboni bila kuyeyuka na kwenda zake.

Kazi ya Vrajesh, katika maabara ya kiwanda kimoja nje kidogo ya Ahmedabad, India, ni kuibembeleza. Anaikanda pamoja na aina ya sukari itokanayo na wanga, ambayo chembe zake zina umbo la pete. Dawa inajibanza ndani ya pete, na sukari inaingia nayo majini. Donge hukaushwa, likasagwa, likachekechwa, ndipo vidonge vigandamizwe.

Mwanzoni walijaribu kuisaga tu iwe laini kabisa. "Ikaelea juu ya maji, ikawa inatutazama," anakumbuka.

Nyumbani hakuna aliyejua habari za kinu. Alipokwenda kuposa alijitambulisha kuwa mtafiti, "na sikudanganya." Mama mkwe wake, Manjulaben, anayeishi nao, alimwita Vrajeshkumar kwa heshima zote na kumletea rotli, chapati zao nyembamba, za moto moja moja. Mkewe Jagruti, mwalimu wa hisabati, akiomba msaada jikoni, alijibiwa na mama yake kwamba mikono ya mumewe haijui kazi hizo.

Mwezi uliopita kiwanda kilialika familia. Vrajesh alipanga kuwaonyesha mashine ya majaribio tu: glasi sita za maji yenye joto la mwili, kila moja na kasia dogo linalozunguka. Manjulaben akaisogelea.

"Hicho kilichomo humo ni nini?"

"Kidonge, mama. Tunangoja kiyeyuke."

"Na mnalipwa kwa kungoja?"

Vrajesh hakuwa na hali ya kucheka. Vidonge vya awali viliyeyuka chini ya robo, na wakubwa walishasema vikishindwa tena, dawa inawekwa kando na kikundi chake kinavunjwa.

Hapo mkuu wake, Dakta Nilofar Saiyed, kwa nia njema kabisa, akawaambia wageni kwamba vidonge hivyo vimetokana na mikono ya Vrajesh. Akamwomba awaonyeshe. Kinu kikaletwa.

Manjulaben alilitazama donge likigeuzwa na kukandamizwa, kisha akamgeukia bintiye.

"Jagruti, mumeo anakanda kukushinda."

"Naona," akajibu Jagruti. "Na miaka yote hii naambiwa mikono haijui."

Alasiri Dakta Saiyed akasoma majibu: zaidi ya robo tatu ya dawa ilikuwa imeyeyuka. Wenzake wakamkumbatia. Vrajesh anasema alitamani kulia, lakini mkewe alikuwa anamtazama.

Jioni alikuta sinia la unga linamngoja. Akaupima kwa mizani, maji akayadondosha kidogo kidogo, akakanda kama afanyavyo maabara, bila huruma. Rotli zikatoka ngumu kama ngozi ya viatu. Manjulaben akaivuta moja kwa mikono miwili, isikatike.

"Hii mpelekee yule Dakta," akasema, "aitie kwenye glasi zake."

Vrajesh anakiri alizidisha. Unga wa ngano, amegundua, hautaki kulazimishwa. Siku hizi kila Jumapili Jagruti anamfundisha, na rotli za juzi zilimezeka.

Kiwandani, dawa imeruhusiwa kwenda hatua inayofuata, na kiasi kinachotakiwa hakiwezi kukandwa na bega la mtu mmoja. Ameomba mashine ya kukandia, na anatarajia kwenda Vadodara kujifunza kuiendesha.

"Mashine ikifika, mikono itapumzika," anasema, akilisugua bega.

Jagruti anadakia kutoka jikoni kwamba hizo ni habari njema. Binamu yake anaolewa mwezi wa Desemba, na ameshawaahidi ndugu zake mkandaji wa puri, vile vichapati vya kukaanga vya harusini.