Benchi Nje ya Jumba la Masanamu

Jumanne nilikuwa kwenye duka la picha mtaa wa Azaiba, nikisubiri picha zangu za pasipoti. Mbele yangu mwanamke mmoja alikuwa akitafuta kwenye simu picha ya marehemu mama yake, aliyesafiri naye Ugiriki mwaka jana. Kapekua weee, kila picha ni sanamu la kale, hili halina mkono, lile halina kichwa.

"Mama mwenyewe yuko wapi?" akauliza mhudumu, dada wa Kitanzania.

"Hakuingia kwenye jumba la masanamu. Alisema, 'Nendeni nyie, mie nnaona haya, hao wote hawana nguo.' Akakaa nje kwenye benchi. Mie na mume wangu tukamwacha saa mbili nzima."

Mhudumu akaikuza picha moja kwa vidole. Nyuma ya sanamu palikuwa na dirisha, na nje ya dirisha, kwenye benchi, mtu wa buibui jeusi.

"Si huyu?"

Mwanamke akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio. "Kanipa mgongo."

"Hapana, dada. Amewapa mgongo hao walio uchi."

Akacheka, kisha akalia. "Nitolee hiyo hiyo."

Masanamu yale yamesimama pale maelfu ya miaka, na kesho yatakuwepo. Nasi wasafiri tunayakimbilia kana kwamba ndiyo yatakayoondoka.