Sista Deki na Katekista Aliyedhaniwa Mlevi

Sista huyu alizaliwa Machi 1928, mtoto wa sita wa fundi cherehani, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko. Dada yake mkubwa alitembea akiyumba kiuno, na watoto wa mtaani wakamwita Bata. Mama yao alidhani ni maringo, akawa anamchapa, mpaka daktari alipoeleza kwamba nyonga ya binti ilikuwa nje ya mahali pake tangu kuzaliwa. Mama alilia siku nzima. Mdogo mtu, aliyeyaona machozi hayo, hakucheka tena mwendo wa mtu.

Akiwa na miaka ishirini aliingia utawani. Kwa kuwa hakuwa amesoma sana, alipewa kazi ya kupiga deki korido ya hospitali ya shirika, akaifanya miaka thelathini na tisa. Ndipo alipopata jina la Sista Deki. Sakafu mbichi ilimfundisha mengi. Aliyepooza upande mmoja aliacha mchirizi wa nusu duara, kwa maana mguu mgumu huzungushwa kwa nje. Ambaye neva ya mguu wake imeumia alinyanyua goti kama anayepanda ngazi, ncha ya kiatu isikwaruze. Alizoea kumnong'oneza muuguzi, "Mwanangu, huyo mwangalieni mguu." Madaktari wengine walimwona ana kiherehere, na mama mkuu akamkataza kusema habari za wagonjwa. Alitii miaka mitatu, na alikiri baadaye kwamba utii huo ulimwia mgumu.

Mwaka 1967 katekista wa parokia alianza kupepesuka. Alitembea ametanua miguu, akikita visigino, macho chini. Watu wakasema anakunywa. Mkewe akafungasha, akarudi kwao, na baraza la parokia likaitishwa ili kumvua utumishi. Wiki hiyo alipita koridoni kuwaombea wagonjwa, na Sista Deki akamwona. Alikwenda moja kwa moja kupiga magoti mbele ya mama mkuu.

"Mama, nipe ruhusa, au nipe adhabu."

Mama mkuu akamwinua. "Nenda. Ila ukituaibisha, utadeki mpaka paa."

Aliingia barazani na aproni yake ingali imelowa. "Baba Paroko, naomba asimame, afumbe macho."

"Mlevi akifumba macho si atalala tu?" mwenyekiti akaguna.

Katekista alisimama wima, miguu pamoja. Alipofumba macho alianguka kama gunia. Alipoinuliwa na kufumbua, akasimama imara.

"Mlevi huyumba hata akiwa amefumbua macho," alisema Sista. "Huyu miguu yake haijui sakafu iko wapi. Macho ndiyo yanayomwambia."

Vipimo vilionyesha neva zimedhoofika kwa upungufu wa vitamini. Sindano za miezi kadhaa zilimrudishia mwendo, ingawa ganzi ya vidole haikuisha. Mkewe alirudi. Mwenyekiti alikwenda kuomba radhi, japo ilimchukua mwaka mzima.

Baadaye hatua za Sista mwenyewe zilifupika, na mkono wake wa kulia ukaacha kubembea. Aliutambua ugonjwa wa kutetemeka kabla daktari hajausema. Miguu ilipokwama mlangoni kama imegandishwa, wenzake walimchorea mistari ya chaki sakafuni, maana mguu uliokwama hunyanyuka ukiona mstari wa kuvuka, naye akaivuka mmoja mmoja huku akicheka. Alifariki Novemba 1993.

Wapo wanaosema waliponywa kaburini pake. Kanisa halijatoa neno, nasi hatulitangulii. Lile la katekista tulilishuhudia wenyewe. Basi ndugu mwamini, ukimwona mtu anapepesuka njiani, msogelee, mshike mkono, umuulize taratibu imeanza lini.